Saa Iliyopiga Kelele Bure

Kila ilipofika siku ya kurekodi, Fundi alilazimika kuacha kazi. Chumba chake cha mbele, alichokifanya cha kushonea, kilijaa majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na mdogo wake alikuwa amegundua kwamba vitambaa vile vinameza mwangwi kuliko studio yoyote ya kukodi. Basi anaingia na simu yake na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, anafunga dirisha, anajiweka juu ya jora la kitambaa cha suruali kama bwana harusi, kisha anasema, "Zima cherehani, dada." Naye Fundi anatoa mguu kwenye pedali na kukunja mikono, mteja awe anasubiri au asiwe anasubiri.

Mdogo wake huyo watu walimwita Bwana Kasoro, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kipindi chake kilisikika redioni kila Jumamosi asubuhi. Alizungumzia simu mpya, runinga, spika za masikioni, birika za umeme, chochote kilichotoka kiwandani na kutangazwa kwa mbwembwe. Wachambuzi wengine wakipewa simu waijaribu huisifu mpaka unadhani inapika na kufua. Yeye hapana. Yeye aliichokonoa mpaka aone pa kuinyongea. Betri inapata moto. Kioo kinateleza mkononi kama sabuni. Kamera inampa bibi harusi uso wa maiti. Akishaipata ile kasoro, anashusha pumzi, anaita kwa sauti ya mpiga mnada, "Kasoro haifichiki, na mimi sina bei!" Hapo watu majumbani huitikia pamoja naye.

Na kweli hakuwa na bei, tumpe haki yake. Kampuni zilimwazima vifaa, akavijaribu, akavirudisha ndani ya maboksi yake, na hata chaja hakubaki nayo. Wengine walimwekea vibahasha ndani ya maboksi, akavisema hewani. Watu wakampenda kwa hilo. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ilifika mahali mwanamume yule akawa hawezi kuona kitu kizima bila kukitafutia ufa, na siku asipoupata alirudi nyumbani amenuna.

Aliyemsifia kuliko wote alikuwa mama yao. Mama aliishi na Fundi, na Jumamosi asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kukohoa nyumba ile. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na cherehani, kopo la vifungo mapajani, akivichambua vikubwa kwa vidogo huku sikio likiwa redioni. Ikifika ile kauli, alimtangulia mwanawe. "Kasoro haifichiki!" alisema, kisha akamgeukia Fundi na kucheka. "Kitinda mimba wangu huyo. Nilijua tangu akiwa tumboni, alikuwa anapiga teke kila kitu."

Fundi alicheka naye. Hakuwa na wivu, au kama alikuwa nao aliukunja na kuuweka chini ya majora. Yeye ndiye aliyempikia mama, akamwogesha alipougua, akampeleka kliniki ya macho. Lakini kina mama wengi ndivyo walivyo: anayekulisha unamzoea, anayekutembelea unamwandalia kiti.

Siku moja Bwana Kasoro alikuja na boksi jeupe lisilozidi kiganja. Ndani mlikuwa na saa janja, ya mviringo, nyembamba, na mkanda laini. Kampuni ilijigamba kwamba saa ile inasikiliza moyo usiku na mchana, na moyo ukienda mrama inamwonya mwenyewe kabla ya madhara.

"Hii ni ya wazee," alisema, "na wanaoijaribu wote ni vijana. Mnaona ujinga huo? Mimi nitamvalisha mzee mwenyewe. Mama, lete mkono."

Mama alitoa mkono kwa madaha. Kwa siku mbili tatu alitembea akiwa ameukunja mkono wa nguo ili majirani waione. Aliyemuuliza saa ngapi alijibiwa saa ngapi na mapigo mangapi.

Kisha saa ikaanza kupiga kelele. Mama akichambua vifungo, inatetemeka na kulia, maneno yanatokea kiooni: mapigo ya moyo hayana mpangilio, muone daktari. Mama akianika nguo, inalia. Akiwa amekaa tu anasinzia, inalia. Mwanzoni walicheka. Baadaye Fundi akawa kila inapolia anasimamisha kushona na kumtazama mama usoni.

"Mama, unajisikiaje?"

"Nimechoka tu. Uzee huo, utakufika na wewe." Halafu, siku moja, akaongeza kwa sauti ya chini, "Moyo nao siku hizi unanirukaruka. Kama kuku kafungiwa kapuni."

Fundi hakuipenda habari hiyo ya kuku. Bwana Kasoro alipokuja alimvuta pembeni, nyuma ya pazia la kujaribishia nguo.

"Saa inasema aende hospitali, na yeye mwenyewe anasema moyo unamrukaruka. Tumpeleke."

Bwana Kasoro hakushtuka. Macho yalimng'aa. Fundi aliyajua macho yale; ndiyo aliyokuwa nayo kila alipokaribia kuipata kasoro. Alimvua mama saa, akaivaa mwenyewe tangu asubuhi mpaka jioni, akapanda ngazi mbio, akalala, akaamka. Saa kimya. Akamrudishia mama. Kabla hajamaliza kufunga mkanda, saa ikalia.

"Umeona?" alisema, akapiga kofi. "Kwangu kimya, kwa mama kelele. Ngozi ya mzee imekunjamana, mishipa iko juu juu, mashine inachanganyikiwa. Wameitengeneza kwa ajili ya wazee na haiwajui wazee! Hakuna mchambuzi aliyeliona hili, dada. Hakuna!"

"Na kule kurukaruka?"

"Mwambie mtu ana siafu mgongoni uone kama hatajikuna. Saa inamwambia kila saa kwamba moyo wake mbovu, wewe ulitaka ausikie unaimba?"

Fundi alitaka kubisha, akakosa pa kushika. Yeye alijua sindano na kitambaa. Habari za mashine aliyezijua alikuwa huyu hapa, na nchi nzima ilimsikiliza. Akanyamaza. Kunyamaza kule baadaye kulimla kuliko neno lolote alilowahi kusema.

Kipindi kile kilivunja watu mbavu. Bwana Kasoro alikirekodi mle mle chumbani, cherehani imezimwa, mama amekaa palepale kigodani na kopo lake. Alieleza jinsi saa ilivyomwandama mama yake. Mama akipiga chafya, inataka daktari. Mama akiimba, inataka gari la wagonjwa. "Nasubiri siku itakayoagiza na sanda," alisema, na mama mwenyewe akaziba mdomo kwa kanga asiharibu sauti kwa kicheko. Mwishoni akatoa ushauri, kwa upole wa mtu anayejali: "Kama umemnunulia mzazi wako saa hii, ingia kwenye mipangilio, zima tahadhari ya moyo, mwache mzee apumzike. Kasoro haifichiki, na mimi sina bei!"

Jumamosi ile majirani walimpigia mama hodi kumpongeza. "Ndiye mimi huyo," aliwaambia. "Mgonjwa wa saa."

Jumatatu Bwana Kasoro akaja kuichukua. Mama alikuwa ameishika kwa mkono wa pili, anaipapasa.

"Si uniachie? Nimeizoea."

"Ya kuazima hiyo, mama. Nikibaki nayo nitakuwa nimenunuliwa."

"Hata mkanda wake?"

"Hata mkanda."

Akafuta kila kitu ilichokuwa imehifadhi, ikawa kama ilivyotoka kiwandani, haimjui mama wala moyo wake. Akaifuta na alama za vidole kwa kitambaa laini alichokikata kwenye jora la Fundi, akaipanga ndani ya boksi na kuondoka. Mkononi mwa mama ulibaki mchirizi wa ngozi iliyochujuka, nao ukaisha taratibu.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Fundi alikuwa anaunga shati, mama anachambua vifungo. Ghafla vifungo vikamwagika sakafuni, vyote, vikatawanyika mpaka chini ya kabati.

"Aa, mama! Si nilikuwa navihitaji hivyo?" Fundi alisema bila kugeuka. Akainama kuviokota, ndipo alipoona mkono wa mama unaning'inia kando ya kigoda kama mkono wa koti. Akainua macho. Mdomo wa mama ulikuwa umevutwa upande mmoja, na macho yanamuuliza Fundi kitu ambacho ulimi haukuweza.

Kiharusi. Daktari aliwaeleza bila haraka, kwenye korido, huku watu wakipita na machela. Moyo wa mama ulikuwa unapiga bila mpangilio, na huenda kwa muda mrefu. Moyo ukipiga hivyo, damu inatuama ndani yake na kuganda. Bonge likitoka linakwenda kuziba mshipa kichwani. Kuna vidonge vya kuzuia hali hiyo, vya kumeza tu nyumbani.

"Hakuwahi kuonyesha dalili?" daktari aliuliza. "Uchovu, moyo kurukaruka? Hakuna aliyewahi kuwaambia mumlete apimwe?"

Fundi alimtazama mdogo wake. Bwana Kasoro alikuwa anaangalia mashine iliyounganishwa na mgonjwa wa kitanda cha karibu, kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Kioo cha mashine ile ni cha kizamani," alisema. "Rangi zake zimeshafifia."

Daktari alidhani mshtuko umempata, akamshika bega. Fundi hakudhani hivyo. Aliujua ugonjwa ule. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakaziba, akaenda kusimama dirishani asije akampiga mtu mzima mbele za watu.

Mama alirudi nyumbani nusu yake. Upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalikuwa yamemtoka. Siku za kwanza hospitali hakutoa hata sauti. Kisha nesi mmoja alipokuwa anambadilishia shuka akamuuliza kwa mzaha, "Jina lako nani, bibi?" Mama akafungua mdomo, akahangaika, na likatoka zima, bila kukwama, "Kasoro haifichiki."

Nesi alicheka. Alikuwa msikilizaji. Alimwita mwenzake aje asikie. Fundi hakucheka. Siku ile na zilizofuata alimjaribu mama kwa kila neno analolijua, maji, mkono, jina la marehemu baba, hakutoa. Daktari alisema hutokea hivyo: ubongo unapoteza maneno yote, unabaki na fungu moja la maneno uliloliimba mno. Kwa hiyo mama akiwa na kiu alisema kasoro haifichiki. Akitaka kugeuzwa, kasoro haifichiki. Akiumwa alilia kwa maneno hayohayo. Fundi alijifunza kusoma macho.

Bwana Kasoro hakuwa amelisikia fungu hilo. Alikuja, ndiyo, mara nyingine na matunda, mara nyingine na mto mpya wa kulalia, lakini alikuja mama akiwa amelala, akasimama mlangoni, akauliza habari kwa kunong'ona na kuondoka. Jumamosi aliendelea kusikika. Fundi alikuwa ameizima redio ya nyumba ile, lakini ya jirani ilipenya ukutani, na mama akiisikia aliigeuzia kichwa.

Jirani mwenyewe alikuwa mwuza vioo. Alikuja kumjulia hali mama, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema yale ya kumwachia Mungu. Kisha, akitafuta la kuongeza, akasema, "Hata mzee wangu ana saa kama ile ya mama. Mjukuu wake alimtumia. Ilikuwa inatusumbua kwa makelele! Tulipomsikia Bwana Kasoro tukaizima ile tahadhari, sasa mzee analala vizuri."

Fundi aliweka mkasi chini. "Iliwasumbua kwa makelele yapi?"

"Hayo hayo. Moyo hauna mpangilio."

"Iwashe leo," Fundi alisema. "Na umpeleke hospitali leo hii. Saa ile ilikuwa sahihi. Mama ndiye huyu hapa."

Mwuza vioo alimtazama mama kitandani, akainuka bila kuaga. Lakini kesho yake alirudi akiwa mnyonge. Mzee amegoma. Anasema hospitali watu huingia kwa miguu na kutoka kwa machela, na kwamba maneno ya fundi wa nguo hayapimwi na ya mtaalamu. "Anasema Bwana Kasoro mwenyewe hajabadilisha neno. Siku akisema yeye redioni, hata kwa kutambaa atakwenda."

Basi Fundi akampigia simu mdogo wake, akamwambia bila kumzungushia. Wapo wazee wengine huko nje wamezimiwa saa kwa sababu yako. Nenda hewani useme ulikosea.

"Dada, unajua watasema nini? Watasema kampuni imenipata. Miaka yote hii sina bei, leo niisifu saa ghafla?"

"Nani amekwambia usifu? Sema ilikuwa sahihi."

"Kwao ni hilo hilo."

"Mama yako hawezi kuomba maji!" Fundi alifoka. "Unajisikia unavyosema wewe? Nyani haoni kundule, lakini wewe hata ukishikiwa kioo unakosoa kioo!"

Akasema atafikiri. Alifikiri, na Jumamosi moja ikapita kwa kipindi cha birika la umeme linalovuja. Jumamosi ya pili Fundi akamwambia kwamba asipokuja, atakwenda mwenyewe kusimama mlangoni pa redio na mama kwenye kiti cha magurudumu. Akaja.

Alikuwa amekonda. Alifunga dirisha, akabana kipaza sauti kwenye kola, akatafuta jora la kukalia. Kitanda cha mama kilikuwa kimehamishiwa mle mle ili Fundi amwone akiwa anashona, na mama alikuwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali walitazamana, mama na kitinda mimba wake. Midomo ya Bwana Kasoro ilitetemeka. Fundi aliona, na moyo wake ukalegea kidogo. Pengine, alijiambia, pengine bado ni mtoto wa mama yule.

"Zima cherehani, dada."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali.

"Wasikilizaji wangu," Bwana Kasoro alianza, na sauti haikuwa ya mnada. "Leo sina kifaa kipya. Nataka kuzungumza juu ya saa ile ya wazee. Niliwaambia inapiga kelele bure. Saa ile..."

"Kasoro haifichiki," mama akasema kitandani, wazi, kwa sauti yake ileile ya Jumamosi.

Bwana Kasoro akageuka. Uso ulimbadilika mara nyingi kwa mpigo, na machozi yakamtoka, ya kweli. Fundi hawezi kumnyima hilo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyanyua simu kuangalia kama sauti imeingia.

"Ndiyo neno pekee alilobaki nalo," Fundi alisema. "Hospitali alianza nalo. Analisema kwa kila kitu."

"Neno pekee?" alinong'ona. "Langu?" Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha Fundi akayaona yale macho, yakianza kung'aa ndani ya machozi. "Dada, hii... unajua hii itawaliza watu? Tunaanza na sauti ya mama kabla yangu. Hapo hakuna atakayesema nimenunuliwa." Akakibandua kipaza sauti kolani, akapiga magoti kando ya kitanda, akakisogeza mdomoni mwa mama, kwa upole kabisa. "Mama. Sema tena, mama. Ilikuwa mbali, haikutoka vizuri."

Fundi akakanyaga pedali.

Cherehani ikaunguruma, na meza ikatetemeka. Hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Akavuta kipande cha kwanza kilichomjia mkononi, mguu wa kaptula ya shule, akakipitisha.

"Zima cherehani, dada!"

"Sema ulichokuja kusema."

"Kelele zote hizi, nitasikika vipi?"

"Saa ilikuwa sahihi, mimi nilikosea, wapelekeni wazee hospitali. Maneno hayo hayamhitaji mama. Kama ni ya kweli yatasikika hata na kelele."

Alibaki amepiga magoti na kile kipaza sauti mkononi, akimtazama dada yake, kisha mama, kisha simu. Fundi alishona mguu wa kaptula mpaka mwisho, akaanza mwingine. Aliomba kimoyomoyo, bila kuinua kichwa, sema, mdogo wangu, sema tu. Angezima mashine kwa neno la kwanza.

"Nitakuja siku nyingine," Bwana Kasoro alisema hatimaye, akaanza kukunja waya. "Kukiwa na utulivu. Leo sauti haitatoka vizuri."

Alimbusu mama kwenye paji la uso, akatoka. Kupitia ukuta ilisikika redio ya mwuza vioo, na mzee wake akikohoa.

Mama aliufuata mlango kwa macho. "Kasoro haifichiki," alisema. Akarudia, safari hii kwa haraka, na mkono wake mzima ukawa unakwaruza shuka.

Fundi alizima cherehani, akainama usoni pake kumsoma kama alivyozoea. Pengine ni kiu. Pengine anamwita mwanawe arudi. Akaleta maji. Mama akafumba mdomo, akageuzia uso ukutani, na maji yakamwagika kwenye mto ule mpya.